Mtambo Ulipoondoka Wembere

Mwaka mitambo ya kutafuta mafuta ilipotapakaa bonde la Wembere, mkutano wa kijiji kimoja chini ya Shelui ulimchagua Luciana afuatilie uchimbaji kwa niaba ya wananchi. Alizungukia kila mtambo, akauliza wamefika wapi, kisha akarudi kuwaeleza wenzake. Alikuwa mjane asiye na maneno mengi, na watu walimwamini.

Matumaini yalikuwa makubwa kuliko habari. Vijana waliacha mashamba wakingoja ajira. Kaka yake Luciana, mzee Fabiano, alikubali kaburi la mama yao lihamishwe ili barabara ya mtambo ipite. "Mama mwenyewe angewapisha," alisema, akawa wa kwanza kushika jembe.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Luciana alikuta mafundi wanafungua mabomba na kuyapakia kwenye lori. Mhandisi, kijana mpole aitwaye Benson, alivua kofia alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnafungasha?"

"Hapa tumekosa. Tumefika mwisho, ni mwamba mkavu tu. Lakini nakuomba usiseme kwanza. Tangazo litatoka makao makuu, labda mwezi ujao."

"Mwezi ujao ni wa kupalilia. Watu kijijini hata hawajapanda."

Benson akavaa kofia yake, akarudi kwenye lori.

Luciana alipitia kwanza kwa kaka yake, maana hakutaka asikie habari ile mbele za watu. Fabiano alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama tulimwamsha bure."

"Bure, kaka."

Mzee alijifunika uso kwa viganja. Hata siku ya mazishi ya mama yao Luciana hakumwona akilia. Sasa mabega yalimtikisika. Luciana akakaa karibu naye mpaka alipotulia.

Kesho yake mkutanoni, Luciana alisema yote. Kijana mmoja, Raymond, akaruka juu.

"Umehongwa! Wamekutuma utukatishe tamaa ili kazi wapewe watu wa mbali!"

Wengi wakaitikia. Ndipo Fabiano akainuka.

"Mimi nilimtoa mama yangu ardhini kwa ajili ya mtambo ule. Kama kuna mtu hapa anayetamani dada yangu awe mwongo, ni mimi. Lakini amesema kweli. Nendeni mkapande."

Wapo waliokwenda. Raymond na wenzake wakangoja. Tangazo lilipotoka, mtama wa waliopanda ulikuwa umefika magotini na mvua zilikuwa zimeanza kusuasua.

Asubuhi moja Raymond alifika kwa Luciana, akaamkia, akabaki amesimama mlangoni akikuna kiganja. Luciana hakumngoja aseme. Alimjazia kibakuli mbegu za kunde, zile zinazokomaa upesi, akamhimiza aziwahishe shambani kabla unyevu haujaisha.