Pamba ya Abdulghafur

Jamaldin alipoufunua uso wa maiti, alikuta jicho moja halipo.

"Mtu amekufa maji," alisema inspekta aliyesimama mlangoni. "Mwoshe, azikwe kabla ya adhuhuri. Mimi nina kazi nyingine."

Jamaldin alikunja kanzu yake hadi magotini, akatia kidole katika ndoo ya maji ya majani ya mkunazi, akaona yana uvuguvugu wa kutosha. Miaka thelathini aliwaosha wanaume wa mtaa wa Kuze: waliokufa kwa homa, waliokufa kwa uzee, walioanguka kutoka madarini. Hata mkewe hakupata kusikia kwake kilichokuwa chini ya nguo ya mtu. Hilo ndilo sharti la kazi. Mwosha hufa na alichokiona.

Maiti alikuwa Abdulghafur, karani wa ghala moja kule Shimanzi na katibu wa chama cha Mizani. Chama chenyewe kilikuwa kidogo. Wanachama wake wa Kuze hawakujaza vibaraza viwili. Lakini walitaka kusimamisha mtu wao katika uchaguzi wa baraza la mji, na nchi, mwaka wa tano tangu ipate uhuru, haikutaka tena kusikia sauti mbili. Jumatatu Abdulghafur alitoka nyumbani na fomu za mgombea kwapani. Alhamisi alirudishwa katika gari la polisi, amezongwa turubai.

"Nikate shati?" aliuliza Gharib, ndugu wa marehemu, aliyeshika mkasi.

"Kata. Polepole, usimvute. Utamuumiza."

Shati lilikuwa limegandamana na ngozi. Lilipotoka, mbavu za kushoto zilionekana zimeingia ndani. Mgongo ulikuwa umepasuliwa kwa mistari, huku na huku, nyama nje. Chini ya kwapa palikuwa na matundu ya ncha ya chuma. Mkono wa kulia, mkono ule wa kuandikia, haukuwa na kucha hata moja.

Gharib aliangusha mkasi. "Ami Jamaldin, bahari ina meno?"

"Nyamaza, mwanangu. Mwaga maji."

Inspekta alicheka kidogo. "Nimeelezwa desturi yenu, mzee. Mwosha hasemi alichokiona. Desturi nzuri sana hiyo. Wakubwa zangu wangeipenda." Kisha akaacha kucheka. "Ukiivunja, utalala pale alipolala yeye."

Kando yake alisimama konstebo kijana kutoka bara, Mutunga, rungu mkononi, macho ukutani.

Ng'ambo ya pazia, uani, wanawake walikuwa wamekaa mikekani. Sauti ya Bi Swabaha, mama wa maiti, ilipenya. Haikuwa sauti ya kilio.

"Jamaldin. Mwanangu aliogelea tangu ana miaka mitano. Nambia, amekufaje?"

Nje, wanaume waliojaa kichochoroni walitega masikio. Inspekta aliweka mkono juu ya bastola yake.

"Mwanao anaoshwa, Bi Swabaha," alisema Jamaldin. "Tumuombee."

"Sikukuuliza hilo."

Aibu ilimshukia mzee yule kama maji ya baridi. Aliosha mara ya kwanza, akaosha ya pili, akaosha ya tatu, na maji yaliyoteremkia katika ufuo, lile handaki fupi lililochimbwa sakafuni, hayakukubali kutakata. Ikabaki kuziba panapovuja, ili sanda isichafuke. Fungu moja la pamba lilikuwa tayari kwenye sinia. Kuze nzima inajua kwamba maiti mwenye mwili mzima, akiwamo aliyekufa maji, hutoshwa na fungu moja.

Jamaldin alilichukua lote, akalitia chini ya kwapa. Likanywa damu.

Alisimama na mkono mtupu. Angeweza kumnong'oneza Gharib akalete jingine. Ndivyo alivyofanya siku zote. Badala yake alivuta pumzi, akapaza sauti kama mwadhini.

"Pamba."

Mkono wa mwanamke ulipita chini ya pazia na fungu la pili. Akaziba.

"Pamba."

La tatu. La nne. Kufikia la tano, wanaume waliokaa vibarazani walikuwa wamesimama. Kufikia la saba, midomo ilikuwa inatikisika kichochoro kizima, na mtu mmoja akasema wazi, "Saba."

"Pamba yote hii ya nini?" aliuliza inspekta.

"Ya kazi, bwana. Pamba."

"Imetuishia," alisema Bi Swabaha. "Lakini wewe ita, Jamaldin. Ita tu."

Akaita. Nyumba ya jirani mto ulipasuliwa, kisha nyumba ya pili yake, na pamba ikaja mkono kwa mkono, juu ya kofia za polisi wale wawili mlangoni. Nane. Tisa. Kumi.

Kwa la kumi na moja inspekta alielewa. Alilipiga teke sinia, akanyakua rungu la Mutunga, akampiga nalo Jamaldin mdomoni. Meno yakamwagika ufuoni. Gharib alimrukia, rungu likamshukia gotini, mfupa ukalia, akaanguka. Katika purukushani pazia likang'oka, na maiti akabaki uchi mbele ya macho ya watu.

Jamaldin alitambaa. Alivuta shuka, akaitandaza, akajilaza juu yake kwa kifua chake mwenyewe, asionekane maiti. Rungu likafanya kazi mgongoni pake.

"Umewaambia nini? Umeona majeraha mangapi?"

"Mimi mwosha, bwana," alisema, midomo imepasuka. "Sisemi nilichokiona."

Alipigwa hadi mkono wa inspekta ukachoka. "Mpeleke garini," akaamuru.

Mutunga alimwinua kwa makwapa. Mzee aliinama kidogo kuelekea sikio la Gharib. "Ubavu wa kushoto, chini," alinong'ona. "Hapo bado."

Watu waliwapisha. Bi Swabaha alikuwa amesimama uani na mto uliopasuliwa kifuani. Kizingitini Mutunga alisita, akitazama chini. Pamba ilikuwa imenata kwenye buti zake, nyekundu. Alisugua buti moja ukingoni mwa jiwe, akasugua la pili, akarudia la kwanza.

Nyuma yao sauti ya Gharib ikapanda, imekwaruza, lakini yasikika hadi mwisho wa kichochoro.

"Pamba."

Mutunga akaacha kusugua.