Gesi Imeshuka

Mwaka jana nilipiga kelele mpaka watu wakahama, mlima ukakaa kimya, na tangu hapo sokoni wananiita Mama Hameni. Familia mia tatu zililala wiki sita kwenye madarasa ya shule kwa sababu ya karatasi yenye sahihi yangu. Waliporudi, ng'ombe wa kaka yangu walikuwa wameibwa wote. Kaka hakunigombeza. Aliacha tu kupokea simu zangu, na hilo liliniuma kuliko kejeli za sokoni.

Kazi yangu ni kupima gesi ya salfa inayotoka kwenye volkano. Kila siku jua likiwa kali napita na gari chini ya wingu la moshi wake, kipimo kimeelekezwa juu dirishani, kikisoma jinsi gesi inavyopunguza mwanga wa jua. Kisha nageuza mistari inayochorwa na kipimo kuwa tani za gesi. Mwaka huu tani zilipanda tena, na watu wa mteremkoni wakateremshwa tena, safari hii kwa amri ya mkuu wa kituo chetu cha upimaji. Mimi niliufyata.

Jumanne, kutoka tani elfu mbili kwa siku, gesi ikashuka hadi mia moja na hamsini. Nikarudia njia mara tatu, majibu yale yale. Ofisini watu walipeana mikono. Mimi sikumpa mtu mkono, maana matetemeko madogo hayakupungua hata kidogo. Sufuria ikizidi kuchemka na mvuke hautoki, ujue kifuniko kimebana. Niliandika hivyo kwenye ripoti, kwa lugha ya heshima: huenda koo la mlima limeziba.

Mkuu aliifuta sentensi hiyo mbele yangu.

"Neno 'huenda' si kipimo," alisema. "Hapa tunaandika tulichopima. Au unataka kuitwa Mama Hameni mpaka ustaafu?"

Nilikuwa na majibu matano ya kumrudishia. Nikatia sahihi.

Kesho yake kaka alinipigia, mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne.

"Mdogo wangu, redioni wanasema mlima umetulia, turudi. Hao siwaamini. Nataka nisikie kwako."

"Gesi imeshuka, kaka. Imeshuka sana."

"Kwa hiyo?"

Nilitakiwa kusema asirudi. Nikawaza kukosea mara ya pili, nikawaza simu ikikatwa na mwaka mwingine wa kununiwa.

"Vipimo ndivyo vinavyosema," nilimjibu.

Akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Basi kesho tunapanda. Jumapili uje ule kwetu, wifi yako anakuulizia kila siku."

Nilifurahi. Ni aibu kulisema, lakini nilifurahi kutwa nzima, hata nikaimba jikoni.

Mlima ulipasuka Ijumaa saa nne asubuhi. Kaka alikuwa juu ya paa la nyumba yake, anafagia majivu ya siku zilizopita. Wifi alikuwa ameshuka na watoto kuchukua magodoro yaliyobaki kule chini walikokuwa wamehamia, ndiyo maana wako hai.

Ofisini mkuu alifunga mlango na kuniambia nisiwe na wasiwasi, ripoti yetu haina kosa hata moja. Ni kweli, haina. Niliisoma tena mara nyingi nikilitafuta.

Baada ya mazishi wifi alinishika mkono, akaniingiza chumbani.

"Mume wangu alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nilimwambia gesi imeshuka."

"Hayo aliniambia, tena anacheka. Mimi nakuuliza ulichokuwa unakijua."

Ningeweza kumtupia mkuu lawama zote. Jina lake lilishanifika mdomoni. Badala yake nilimweleza kila kitu: matetemeko, koo lililoziba, na jinsi nilivyokuwa na hamu ya kaka yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Kisha akafungua mlango na kuniomba niondoke kabla watoto hawajaniona.