Nyumba ya Mbelu Ndani ya Jua

Jumatatu asubuhi, kwenye kituo cha treni cha Kolwezi, Mbelu alisonga bukari, ugali wa kwao, juu ya jiko la makaa, mbabula, akafunika sufuria, kisha akatoa kioo cheusi cha kuchomelea vyuma akalitazama jua. Kioo hicho aliachiwa na marehemu mumewe Tshimanga, fundi wa kuchomelea mgodini, ambaye kila Jumapili baada ya misa alikuwa akilikagua jua kabla ya kula.

“Ile doa ya mu jua haiko buchafu,” alikuwa akimwambia. “Ni fasi kwenye moto inazuiliwa kupanda. Iko baridi kidogo kupita pembeni yake, njo maana inaonekana mweusi. Kama unaitoa pale, unaiweka yeye moja mu busiku, itaangaza kupita mwezi.”

Madoa hayo yalisafiri. Yalitokea ukingo mmoja wa jua, yakapotelea ukingo wa pili, na mengine yalizunguka nyuma yakarudi.

Mwaka 1993, redio ilipokuwa ikiwaambia Wakasai warudi kwao, vijana wenye mapanga walifika kwa Mbelu. Kwao wapi? Alizaliwa Kolwezi, Kasai hajawahi hata kuikanyaga. Alifunga mlango, akaondoka na ufunguo, akaenda kulala kituoni pamoja na wengine waliofukuzwa. Kesho yake doa jipya lilionekana juani, lenye umbo la nyumba yake, hata ile kona ya baraza iliyobomoka. Doa hili halikusafiri.

Kila nyumba iliyofukuzwa watu ilipanda vivyo hivyo. Kufikia Pasaka jua lilikuwa na madoadoa mwili mzima, na watu wa Kolwezi walivaa masweta mchana. Walisema ni vumbi la mabaki ya mgodi kule Kingamyambo. Lakini katika mji wa Fungurume jua lilikuwa lile lile la siku zote.

Jumatatu hiyo Ngoy alikuja kituoni. Alikuwa jirani wa Mbelu, na ndiye aliyemsimamia mtoto wa Mbelu ubatizo. Alikuwa amevaa koti la Tshimanga.

“Jambo, mama Mbelu. Kule ku nyumba baridi imezidi. Batoto banakohoa.”

“Nyumba gani, tata Ngoy?”

Ngoy aliangalia viatu vyake. “Ile yenu.”

Mbelu alimpa kioo. Ngoy alitazama kwa muda mrefu, mpaka akaiona baraza.

“Itatoka namna gani pale?”

“Siku mi nitafungua mulango na hii funguo, itatoka. Na za bengine vilevile.”

Ngoy alielewa. Hili lisemwe wazi, maana baadaye wengi walijitetea kwamba hawakuelewa: Ngoy alielewa yote, neno kwa neno. Alirudisha kioo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akawapita watu waliolala juu ya mabegi yao, akaenda sokoni kununua gunia la makaa.

Treni ya kwenda Kasai ilikuja wiki iliyofuata. Watu walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wagonjwa na wazima pamoja, na Mbelu alipanda akiwa ameufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge. Ilipoondoka ilikuwa saa sita mchana, hakuna hata wingu, na Kolwezi nzima ilikuwa imewasha mbabula. Kwenye baraza yenye kona iliyobomoka, Ngoy alikuwa akipepea makaa, amefunga vifungo vyote vya koti.