Kijiti Chapewa Jembe

Usiku wa jana niliota niko kliniki, kijiti changu cha uzazi wa mpango kimegoma kutoka mkononi.

Nesi Editruda ameshanichoma ganzi. Mama mkwe, Bi Zuwena, amekaa juu ya meza ya dawa anakula muhogo wa kuchemsha. Yeye ndiye anayetaka kitolewe kabla ya muda wake, apate mjukuu wa pili. Wa kwanza nilimzaa kwa kifafa cha mimba. Nilipozinduka, mtoto alikuwa ameshapewa jina. Hofu ile bado ninayo.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema mama mkwe. "Hiki kimekaa miaka."

Nesi akafungua kabati la bandeji, akatoa jembe, akakipa kijiti. Kikashukuru, kikaanza kulima. Nilikisikia kikipiga tuta kutoka kiwikoni kwenda begani. Sikuumia, ganzi ilikuwa nzuri.

Mara kliniki ni shamba la ukoo. Mkono wangu umelala katikati, watu wanajadili mipaka yake. Mume wangu Shomari anapima kwa kamba. Shangazi zake wanataka kupanda mahindi. Mimi nimesimama pembeni, nimemshikia mama mkwe mkoba.

Kijiti kikaweka jembe chini. "Mwenye shamba nani?"

"Sisi," ukoo ukajibu.

"Aliyenikaribisha ni mwanamke mmoja. Dada, niondoke?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilitaka kulia. "Usiondoke," nikasema. "Naogopa kufa."

"Haya. Nesi, sheria yenu inasemaje?"

"Kijiti kisichopapasika hakitolewi," akajibu Nesi Editruda, kisha akageuka kutazama ukuta ambao haukuwepo.

"Basi nahama," kikasema. Kikatia jembe begani, kikapita kifuani mwangu kwa adabu, kikipiga hodi kila ubavu.

Asubuhi Shomari akaniamsha twende kliniki kukitoa kijiti. Mama yake alikuwa ameshavaa, yuko sebuleni. Shomari akanipapasa mkono wa kushoto kama kawaida yake. Akapapasa tena.

"Mbona hakipo?"

"Keti kwanza," nikamwambia. "Mimi sijawa tayari. Naogopa, na hujawahi kuniuliza."

Akaketi. Kisha akainuka kwenda kumwambia mama yake avue viatu, hakuna safari.

Nikajipapasa mkono wa kulia chini ya kanga. Kilikuwepo, bado kinahema.