Rejista ya Ijumaa

Mwalimu Joram alikuwa mwoga, na uoga huo ndio uliomfikisha bungeni. Alifundisha miaka ishirini na miwili, tisa kati yake akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Kiriani, na muda wote huo hakuwahi kumwambia mzazi "hapana" akaishikilia. Wazazi wakampenda. Walipomsukuma agombee kiti cha mwakilishi wadi, aliogopa kuwakatalia hilo pia. Kwenye kampeni hakuwa na pesa za kugawa wala sauti ya kunguruma. Alikuwa na kipaji kimoja tu. Alikuwa akipanda jukwaani, anamwita kijana yeyote aliyesoma kwake, anamtaja majina yote, namba yake ya rejista na tarehe yake ya kuzaliwa, bila kushika karatasi. Akina mama walipiga vigelegele. "Huyu anatujua," walisema, wakampa kura.

Sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha hoteli mtaani Al Sadd, saa mbili asubuhi ya Ijumaa, kiyoyozi kikimpuliza na jasho likimtoka. Bunge la kaunti lilikuwa limewatuma Doha wajumbe watatu wa kamati ya leba, wajionee hali ya watu wao walioko kazini. Wenzake wawili walikuwa wameenda kununua manukato. Yeye alikuwa akisoma kwa mara ya kumi ujumbe wa Roselyne, msichana aliyemfundisha darasa la nane, ambaye sasa ni muuguzi mjini hapa na katibu wa chama cha watu wa Kiriani. "Mwalimu, kesho usikose mkutano wetu. Tuna neno juu ya Peninah Kawira."

Jina hilo lilimkausha mate. Mwaka uliopita mama yake Peninah alikuja ofisini kwake analia. Wakala alikuwa anatafuta wasichana wa kazi za ndani wenye miaka ishirini na minne kwenda juu, na Peninah alikuwa na kumi na saba; mama alitaka aongezewe miaka. Mwalimu Joram alijaribu kusema hapana, akashindwa. Alipoacha ualimu alikuwa ameondoka na muhuri wa shule, kwa kusahau, hivyo ndivyo alivyojiambia. Akautoa kwenye droo, akaandika cheti kipya cha kumaliza shule, na mahali pa mwaka wa kuzaliwa, palipopaswa kuwa 2007, akaandika 2000. Cheti kikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa pasipoti, Peninah akapanda ndege kuja Doha. Wiki iliyofuata Mwalimu alienda shuleni "kuazima" rejista kubwa ya kuandikishia wanafunzi, ile yenye tarehe ya kweli, akaifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Hakuirudisha.

Alimpigia simu mkewe.

"Mama Rodney, kuna kitabu kikubwa cheusi ndani ya sanduku langu. Kichome."

"Kitabu gani hicho cha kuchomwa asubuhi asubuhi, Baba Rodney?" Jerusha hakuwa mtu wa kuburutwa. "Si ni rejista ya shule hiyo?"

"Makaratasi ya zamani tu. Panya wamekivamia. Kichome leo, nakuomba."

Jerusha akasema sawa. Mwalimu alikata simu, akanawa uso mara mbili. Alijiona afadhali kwa dakika tano hivi, halafu hofu ikarudi na mizigo yake. Karatasi inaungua, lakini Peninah ana mdomo. Je, akisimama mbele ya watu wote, aseme ni nani aliyemwandikia? Uchaguzi ulikuwa mwaka wa pili tu kutoka hapo, na kutoka kwenye cheti cha kughushi hadi mahakamani si safari ndefu.

Levis, dereva, naye mtoto wa Kiriani, alimfuata kwa gari la kampuni.

"Mheshimiwa! Umekonda ama ni hii suti?" Alicheka peke yake. "Relax, Mwalimu. Leo ni wewe na watu wako. Kuna chapati, kuna githeri. Tumekungoja sana."

"Na Peninah atakuwepo?" Sauti ilimtoka nyembamba.

Levis aliacha kucheka. "Roselyne atakueleza," alisema, akawasha gari. Alishika njia mpaka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud.

Fleti ilikuwa ghorofa ya tatu, viatu vimejaa mlangoni. Mwalimu alipoingia, watu kama thelathini waliinuka kwa pamoja: walinzi, wapishi, madereva, mayaya waliopata mapumziko, wauguzi. "Shikamoo Mwalimu!" walisema kwa ule wimbo wa darasani, wakacheka kwa kujisikia watoto tena. Siku nyingine angelia kwa furaha. Leo macho yake yalikimbia kutoka uso hadi uso, yakimtafuta msichana mwembamba mwenye pengo la mbele. Hayupo. Akazipitia tena zile nyuso. Hayupo! Mwalimu Joram alishusha pumzi, na Mungu amsamehe, alishukuru.

Waliomba, wakala chakula. Kisha Roselyne akaleta daftari refu lenye jalada la bluu.

"Mwalimu, hiki ni kitu tulichojifunza kwako," alisema. "Mtu akiwa kazi ya ndani anaweza kupotea na asijulikane. Kwa hiyo kila Ijumaa tunaita majina. Asiyeweza kuja anatuma sauti kwa simu, tunamtia alama. Akikosa Ijumaa tatu, tunaanza kumtafuta. Leo tunataka uite wewe."

Walipiga makofi. Alivaa miwani. Mikono ilijua kazi yake. Alifungua ukurasa, akaanza kuita kwa sauti ya miaka ile.

"Trevor Murithi."

"Nipo!"

"Milcah Gacheri."

"Nipo, Mwalimu!"

Kila aliyejibu alijibu kwa kelele, na yeye akaanza kupata joto la zamani, lile la kuwa mtu anayejua watoto wake. Aligeuza ukurasa. Jina la kwanza juu kabisa lilikuwa na misalaba mitano myekundu mbele yake.

"Peninah Kawira," alisema.

Kwenye kona mtu alikuwa anakwangua sahani, akaacha.

"Leo ni Ijumaa ya sita," Roselyne alisema. "Yuko nyumba ya kazi, huko Al Rayyan. Ujumbe wake wa mwisho huu hapa."

Akabonyeza simu. Sauti ilikuwa ya kunong'ona, maji yakifunguliwa nyuma yake ili asisikike. *Roselyne, wamenichoma mkono na pasi. Mlango wanafunga na ufunguo. Wakichukua hii simu, mwambieni mama nilisema nataka kurudi. Mwambieni Mwalimu, yeye anajua miaka yangu.*

Mwalimu Joram akakaa. Aliogopa kumtazama yeyote. Lakini walimtazama kwa matumaini tu, maskini, hakuna aliyeyaelewa maneno ya Peninah kwa namna nyingine.

"Ndiyo maana tukakuita," Roselyne aliendelea. "Kuna wakili anatusaidia bure. Amesema tukimpa karatasi ya kwanza, ya kabla ya pasipoti, inayoonyesha alisaini mkataba akiwa mtoto, ataomba atolewe mara moja. Bila hiyo ni mtu mzima mwenye mkataba, na tutangoja zamu kama wengine. Kadi yake ya kliniki imeliwa na mchwa. Tulipiga simu shuleni, wanasema rejista ya mwaka wake haionekani. Wewe ndiye ulikuwa mkuu. Unaweza kujua iko wapi?"

"Nipeni dakika," alisema.

Alitoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu, kidole kikikosea namba mara mbili.

"Jerusha! Usikichome! Kile kitabu, usikichome!"

"Baba Rodney, si umeniambia mwenyewe?" Mkewe alishangaa. "Wamekuja akina mama wa kikundi chako, nikakitia motoni, nikawachemshia chai. Kimeshaisha. Kwani kuna nini?"

Alikaa kwenye ngazi, simu sikioni, huku Jerusha akimwita. Basi yamekwisha. Hakuna karatasi tena duniani ya kumshtaki. Angerudi ndani, atikise kichwa kwa huzuni, aseme rejista ilipotea wakati wa mafuriko, aahidi kulifikisha suala bungeni. Wangemwamini. Jumapili angepanda ndege. Aliogopa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha uchi wake mpaka ukazaa mwingine. Aliinuka, akarudi ndani.

"Rejista haipo," alisema. "Niliichukua mimi, na leo asubuhi nimeamuru ichomwe."

Levis aliweka sahani yake chini.

"Cheti cha Peninah nilikiandika mimi. Muhuri niliupiga mimi. Alizaliwa tarehe kumi na nne Machi, elfu mbili na saba. Namba yake ilikuwa 3316." Alisimama kama mtoto aliyeitwa mbele. "Wakili atakubali mkono wangu, nikiandika na kusaini?"

"Nitamuuliza," Roselyne alisema polepole. Alikuwa amegeuka mtu ambaye Mwalimu hakumjua.

"Na Jumapili nitaruhusiwa kuondoka?"

"Sitakudanganya, Mwalimu. Shahidi anaweza kuambiwa abaki mpaka jambo lieleweke. Na wewe si shahidi tu. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwaka. Na nyumbani nako wakisikia, unajua."

Alijua. Aliiona seli, akaliona gazeti, akamwona Jerusha akiulizwa na akina mama wale wale wa chai. Mlango ulikuwa nyuma yake, viatu vyake viko hapo. Lakini Milcah alikuwa amekwisha kusogeza sahani, ameweka karatasi nyeupe na kalamu mezani.

Mwalimu Joram aliandika. Mwandiko wake, uliosifiwa wadi nzima, ulitoka kama wa mtoto wa chekechea. Aliandika jina lake lote, kosa lake lote, na tarehe ya kweli, akasaini. Levis alimpiga picha akiwa ameishika karatasi, bila kumwambia atabasamu.

Kisha Roselyne akalivuta daftari la bluu. Mbele ya Peninah alitia msalaba wa sita. Akashuka hadi chini kabisa, penye mstari mtupu, akaandika jina jipya: Joram Mutwiri.

"La nini hilo?" Mwalimu aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Ijumaa ijayo tutakuita," Roselyne alisema. "Usipojibu, tutakutafuta."