Miluzi ya Castelmora

Meya Beltrami aliamini kwamba Bibi Ersilia Manfrini atachoka, kwa sababu wengine wote walikuwa wamechoka. Jumba la opera la Castelmora lilijengwa na watu wa mji kwa kuchangiana, na kila familia iliyochanga ikapewa kichumba chake cha kutazamia, chenye mlango na ufunguo, mali yake kama nyumba yake ya kulala. Vilikuwa vichumba arobaini na vinane, vimeuzunguka ukumbi ghorofa tatu. Mwaka huu wa 1961 wenye vichumba arobaini na saba walikwisha kuiachia halmashauri, na meya alitaka kulibomoa jumba ajenge gereji ya magari. Kilibaki kimoja tu, namba kumi na tisa, cha fundi wa magauni ya harusi, mjane wa miaka sitini na minne ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake.

Meya naye hakuwa mjinga. Alizipekua kanuni za waasisi akakuta kifungu kitamu: tangu Kanivali moja, sherehe za kabla ya Kwaresima, hadi nyingine, likikosekana onyesho hata moja la kuimba, vichumba vyote vinakuwa vya mji. Basi akajitia anatengeneza paa, na msimu mzima hakikuja kikundi chochote cha waimbaji. Siku ya mwisho ya Kanivali, asubuhi, akamchukua wakili Prandi aje aandike rasmi kwamba mwaka umepita kimya.

Wakamkuta Ersilia keshapanda jukwaani, kavaa gauni lake la kanisani.

"Unafanya nini hapo, mama?" meya akauliza.

"Naimba."

"Wewe? Tangu lini unajua kuimba?"

"Sijui. Lakini kanuni zako zinataka onyesho la kuimba. Hazikusema liwe zuri."

Mwenye kichumba hazuiwi kuingia, wala wageni wake hawazuiwi, na Ersilia alikuwa amealika wageni sitini. Walikuwa wamejipangia juu kabisa, kwenye roshani ya mabenchi, mahali pao pa siku zote. Wauza nyama, watengeneza jibini, mafundi wa reli. Hawa ndio waliowatia tumbo joto waimbaji wa bonde zima la Po, maana kila noti ya wimbo waliijua kwa moyo, na aliyeikosea walimpigia miluzi mpaka akafungasha mizigo. Kinara wao alikuwa Nevio, muuza nyama, mwenye vidole viwili vya kupigia mluzi vilivyojulikana mpaka Milano.

Ersilia akashusha pumzi akaanza wimbo wa binti anayemuaga baba yake. Sauti ilikwaruza tangu neno la kwanza. Alipofika juu ikakatika kabisa, akaiokota chini, akaendelea. Aliona aibu kweli kweli, lakini alikuwa ameapa kwamba gari la mtu halitaegeshwa pale aliposimama.

Alipomaliza ubeti hakuna aliyepiga mluzi. Nevio alikuwa anaangalia viatu vyake. Ersilia ndiye aliyemshonea mkewe gauni la harusi, na mabinti zake wawili pia.

Meya akatabasamu. "Umeona mwenyewe, wakili. Hawa si watazamaji, ni majirani. Bibi anajifurahisha, wenzake wanamstahi. Hilo nalo utaliita onyesho?"

Prandi akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. "Kusema kweli, Bibi Ersilia, nakuja humu tangu ujana wangu. Sijaona mtu akaimba hivyo akaachwa salama. Sijui nitaandikaje."

Ersilia akapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Hila za meya alizitarajia. Huruma ya watu wake hakuitarajia kabisa.

"Nevio," akaita, akimkodolea macho kule juu. "Yule mwimbaji mnene wa Milano alikosea noti moja, mkampigia miluzi akalia. Mimi nimekosea zote. Mbona umekaa kama uko msibani?"

"Bibi, wewe ni wetu."

"Kama ni wenu nipeni haki yangu. Mnanifanya mtoto wa shule? Leo ukinionea huruma, kesho hapa pakiwa gereji utamwonea huruma nani, magari?"

Uso ukamwiva Nevio. Kisha akatia vidole mdomoni.

Mluzi ule ulikata ukumbi mzima. Mafundi wa reli wakaudaka, watengeneza jibini wakaanza kukanyaga mabenchi, mmoja akapaza sauti kwamba hata mbuzi wake angeona haya, mwingine akamwambia arudi kwenye cherehani. Vumbi likamdondokea meya begani. Wengine walipiga miluzi huku machozi yakiwatoka, na hawakumpunguzia hata kidogo.

Ersilia akanyoosha mgongo akaimba ubeti wa pili ndani ya kelele zile, mpaka neno la mwisho, kisha akainama kwa heshima kama waimbaji wanavyoinama.

Prandi alikuwa anaandika. Meya alipomshika mkono, aliutoa taratibu akamsomea alichoandika, kwa sauti ili asikike juu ya miluzi:

"Leo limefanyika onyesho la opera. Mwimbaji amezomewa kwa mujibu wa desturi."