Kanda ya Mpolandi

Kilichomsumbua Mzee Mashaka hakikuwa macho wala magoti, ingawa vyote viwili vilishamkimbia. "Sura ya mama yako ninayo," alimwambia bintiye Hafsa, Jumapili asubuhi, nyumbani kwao Kibiti. "Sauti yake ndiyo imenitoka. Naitafuta siipati."

Mwanamina, mkewe, alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani: mwishoni mwa kanda moja, ndani ya boksi la kanda thelathini ambazo karatasi zake za majina zililiwa zamani na unyevu wa delta. Aliimba kaswida humo. "Mpolandi alipomaliza kulia, nikamrekodi yeye palepale," Mzee alisema. Zaidi ya hapo hakukumbuka.

Boksi lile aliliacha Mholanzi mmoja aliyepima mikoko miaka mitatu, Mashaka akiwa mpiga kasia wake. Mchana Mashaka alimfundisha miti: mchu kwa vijiti vinavyochomoza topeni, mkandaa kwa wekundu wa gome likichunwa. Jioni Mholanzi alilipa kwa muziki wa watunzi wa kwao Ulaya, akimuuliza kila mara: Huyu ni wa nchi gani? Wa zama zipi? Umejuaje? Mashaka akawajua watunzi wale kama alivyoijua miti, akamrithisha na bintiye. Majirani waliwaona wamepungukiwa, na Hafsa hakuwalaumu. Nani mwingine Kibiti nzima alikuna nazi huku akisema huyo ni Bach, Mjerumani wa miaka mia tatu nyuma, maana sauti zake hufukuzana na hakuna inayokubali kushindwa?

Seleman, fundi redio, aliifufua redio yao ya kanda, kisha akaonya. "Mpira unaoizungusha umechoka, dada Hafsa, na mwingine haupatikani. Utadumu kama saa nne hivi, ukibahatika, na kitufe cha kupeleka kanda mbele hakifanyi kazi. Chagua cha kusikiliza."

Hafsa akachagua. Kila kanda aliipa dakika moja tu. Mozart wa Austria, aliyejipanga kama meza ya wageni: kando. Bach: kando. Kinanda peke yake, chenye huzuni, kinachositasita: huyo ndiye Chopin, Mpolandi aliyefia ugenini Ufaransa. Zake zilipatikana tatu. Akazipiga moja baada ya moja hadi mwisho, simu mkononi tayari kurekodi, baba yake ameinamia redio. Zote tatu ziliishia kwenye mkwaruzo mtupu.

"Basi, mama," Mzee alisema. "Labda niliifuta mwenyewe." Akavua kofia yake, akajipangusia uso.

Hafsa aliona uchungu, kisha akaona hasira, na hasira ndiyo iliyomzindua. Baba yake alikuwa bingwa wa magome, lakini kwenye huzuni alichanganya kuni zote: yeyote aliyelia kwa kinanda, kwake alikuwa Mpolandi. Na miongoni mwa kanda zilizowekwa kando, mlikuwa na moja ya kinanda ambacho nyuma yake ala nyingi huja kwa wingi kama maji ya mafuriko. Rachmaninov, Mrusi aliyezaliwa miaka sitini hivi baada ya Chopin, naye alifia mbali na kwao. Hafsa aliikataa kwa sababu alijua zaidi ya baba yake. Akaichukua tena.

Redio ilishaanza kuburuza sauti. Walisubiri, Hafsa akiomba Mungu kimoyomoyo. Ala zikalia zote kwa pamoja, zikanyamaza. Kitufe cha kurekodi kikasikika ndani ya kanda, na mwanamke akacheka.

"Mpolandi?" alisema Mwanamina. "Ee baba Hafsa, kusikiliza kote huku hujamjua tu? Mpolandi hulia chumbani kwake. Huyu ni Mrusi, ameliza ukumbi mzima. Haya, naimba."

Akakohoa kidogo kusafisha koo. Mpira ukakatika.

Hafsa akazima kurekodi. Jioni zote zile mama yake alikuwa jikoni akipuliza moto, wao wawili sebuleni wakishindana kutaja nchi na zama, na hata siku moja hakuna aliyemuuliza.

"Simu imeshika?" Mzee aliuliza.

"Imeshika, baba. Ila kaswida haimo."

"Kaswida wako wengi wa kuniimbia," alisema, akanyoosha mkono kuitafuta simu. "Nirudishie pale aliponicheka."